Jani na Ulimi: Uhakiki wa Lugha Yetu ya Chai

Uhakiki, kwa mazoea yetu, ni kazi inayofanyiwa mashairi, riwaya na tamthilia. Wanafunzi wa skuli za sekondari hufundishwa kutenga fani na maudhui, kuwataja wahusika na kueleza ujumbe, na hayo ni mema. Lakini kuhakiki, kabla ya kuwa somo la darasani, ni tendo la ulimi na pua. Mwenye kuonja mchuzi akasema chumvi imepungua amekwisha hakiki, na hukumu yake ina sifa ambayo hukumu nyingi juu ya vitabu hazina: yaweza kusahihishwa papo hapo na mtu wa pili mwenye kijiko. Katika makala haya tunakusudia kuutumia uhakiki wa namna hiyo kwa kinywaji kinachojulikana katika kila nyumba ya Pemba, yaani chai, na hasa kwa maneno tunayoyatumia kukieleza. Dai letu ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kulihukumu jani la chai, tena maneno sahihi, lakini tumeyaacha yakae kwenye ndizi, karafuu na magome ya miti, na jani lenyewe tumelibakishia neno moja tu: nzuri.

Neno "chai" lenyewe limetanda mno. Huku kwetu mtu akikuuliza asubuhi, "Umeshakunywa chai?" haulizi habari ya jani wala ya birika. Anauliza kama umekwisha pata chakula cha asubuhi, uwe umekula muhogo wa kuchemsha, mkate wa mofa au vitumbua. Ofisini chai ni wakati, nao ni saa nne. Iko pia chai ya chini ya meza, ambayo mtumishi wa umma hapaswi kuionja, na tunaitaja hapa kwa ajili ya ukamilifu wa kamusi tu. Vijana wa miaka hii nao wameongeza yao, kwani kwao "chai" ni habari ya kubuni inayosimuliwa kama kweli. Neno lililopagazwa mlo, saa, rushwa na uongo haliwezi kulaumiwa likisahau kwamba mwanzo wake lilikuwa jani.

Sababu ya pili ya usahaulifu huo ni jiografia. Mchai haustawi kwetu. Unataka mwinuko, baridi ya asubuhi, mvua za kutosha na udongo wenye asidi, ilhali vilima vya Pemba ni vifupi na joto lake ni la bahari. Jani letu lote huvuka maji. Huko bara Wajerumani waliupanda mchai kwa majaribio Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo chake cha biashara kikaanza mwaka 1926 chini ya utawala wa Waingereza. Leo unalimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, Korogwe, Muheza na Bukoba. Hivyo Mpemba amekutana na chai ikiwa imekwisha kuwa bidhaa: nyeusi, kavu, imo ndani ya karatasi. Mkarafuu anaujua tangu mche. Mchai aghalabu hajauona.

Hapa ndipo ulinganisho na karafuu unapofaa. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kilichokuwa shina la zao hilo, na pua za watu wake zimesomeshwa kwa miaka 150 na zaidi. Mtoto aliyekulia kwenye majamvi ya kuanikia hujua, bila ya chombo chochote cha kupimia, karafuu iliyokauka na isiyokauka: huivunja akasikiliza. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Yenye maji hupinda. Huijua pia iliyorundikwa ikaumuka, kwa kuwa hufubaa na kukunjamana, na harufu yake huwa ya kuchacha badala ya ile ya kuchoma pua. Mkulima anapoipeleka karafuu yake kituoni akaambiwa kwamba ni ya daraja la pili, hakubali kimya kimya. Husimama akabishana, akaitia kiganjani, akaivunja mbele ya mpimaji, akaeleza kwa nini aliyoileta ni ya daraja la kwanza. Pengine hushindwa. Lakini hushindwa kwa Kiswahili, kwa maneno anayoyamiliki.

Mkulima wa chai wa Rungwe au wa Njombe hana fursa hiyo. Jani lake bichi, yaani majani mawili na kichipukizi chake, hupimwa kwa kilo. Likitoka kiwandani limekwisha gawanywa katika madaraja yenye majina ya herufi, kama BP1, PF1, PD na D1, nayo yanaeleza kwanza ukubwa wa chembe, si ladha yake. Kisha hunadiwa. Mnada wa chai wa Afrika ya Mashariki ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo hupokea chai ya nchi nyingi za ukanda huu. Tanzania nayo ilifungua mnada wake Dar es Salaam mwaka 2023. Kabla ya bei kutajwa, waonjaji hupita mbele ya safu ndefu ya vikombe vyeupe, wakavuta, wakatema, wakatamka neno, na neno hilo hugeuzwa kuwa senti za dola. Mnada uko Mombasa, mji wa Muyaka, na neno si la Kiswahili! Hatusemi kwamba waonjaji hao ni wadhalimu. Ni mafundi wa kazi yao, na wengi wao ni watu wa nchi hizi hizi. Tunasema tu kwamba mkulima aliyeambiwa jani lake limepungukiwa na kitu ambacho hakina jina kinywani mwake hana la kujibu.

Turudi dukani kwetu. Kinachouzwa kwa fungu aghalabu ni chembe ndogo kabisa pamoja na vumbi lake. Jani kavu la chai, tena, lina tabia ya kunywa harufu ya jirani yake. Likisafirishwa katika chombo kilichobeba ng'onda, hupata shombo. Likikaa kando ya sabuni, hupata sabuni. Likiwekwa katika nyumba ya karafuu, hupata karafuu, na hiyo ndiyo bahati yake njema. Katika jambo hili lugha yetu imejiandaa kuliko sisi wenyewe. Shombo ni ya samaki. Uvundo ni wa kitu kilichokosa hewa. Ukungu ni wa kitu kilichopata unyevu. Anayesema, "Chai hii ina uvundo," ametoa habari inayoweza kumsaidia mwenye duka: afungue mfuko, abadili chombo, asogeze rafu. Anayesema, "Chai hii mbaya," amemtukana tu.

Maneno ya kwenye pakiti hayatusaidii. Chai huandikwa kuwa ni safi, halisi, yenye ladha ya kupendeza. Hizo ni sifa zisizoweza kukanushwa, na kwa hiyo hazisemi kitu. Hakuna mfanyabiashara aliyepata kuandika kwamba chai yake ni chafu na ya bandia. Wahenga walionena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji walikuwa wahakiki wa vinywaji, nao waliuona mapema ubaya wa sifa tupu: humharibu atengenezaye na humpumbaza anywaye.

Neno tunalolipenda kuliko yote ni kukolea. Chai imekolea au haikukolea, na hukumu imekwisha. Ni neno zuri. Hutumika kwa chumvi iliyoingia ndani ya nyama, kwa rangi iliyoshika ukili, kwa sukari, na hata kwa mazungumzo ya barazani yaliyofika mahali pake. Maana yake ni kwamba kitu kimoja kimeingia katika kingine kikaenea. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kutosha kulihukumu jani, kwani linaeleza mapatano ya mambo manne: jani, maji, moto na muda. Vumbi la chai hukolea upesi kuliko jani zima, kwa kuwa chembe ndogo zina uso mkubwa zaidi wa kukutana na maji. Basi mnywaji asiye na kipimo kingine ila kukolea atalishuhudia vumbi kuwa ndilo jani bora. Wenye mikahawa huchagua hivyo, na kwa biashara yao wana haki: kijiko kimoja, rangi nyingi. Mwalimu wa lugha, hata hivyo, angefaa kuuliza swali la pili. Imekolea nini? Rangi, harufu au ukakasi? Iko chai iliyokolea rangi nayo ni dufu kwa harufu, kama shairi lililotimiza vina na mizani lakini halina neno la kumwambia mtu.

Chai isiyotiwa maziwa huitwa chai ya rangi. Kenya wengi huiita sturungi. Nayo ina jina jingine, mkandaa, na jina hili linastahili kusimamiwa kwa muda mrefu kidogo.

Mkandaa ni mti wa mikokoni. Ukishuka kuelekea ghuba ya Chake Chake utaukuta pamoja na jamaa zake, mkoko, msinzi na mchu, umezamisha miguu yake topeni. Gome lake likilowekwa hutoa maji ya rangi nyekundu iliyoelekea kahawia, nayo tangu zamani yametumiwa pwani kutilia rangi na kutengenezea ngozi. Aliyeitazama chai isiyo na maziwa akaiita mkandaa aliifuata rangi. Lakini kwa kuifuata rangi alikigusa kiini. Kilichomo ndani ya gome la mkandaa, kinachoikaza ngozi ya mnyama hata isioze, ni tanini, kundi la kemikali lenye tabia ya kushikamana na protini. Jani la chai limejaa kemikali za jamaa hiyo. Tunapoinywa, hushikamana na protini za mate, ulimi ukakosa utelezi wake, na kinywa kikajihisi kimekauka ingawa kimejaa maji. Linalofanyika juu ya ngozi katika pipa la mtengenezaji ndilo linalofanyika, kwa upole zaidi, juu ya ulimi wa mnywaji. Ndiyo maana maziwa huilainisha chai: protini zake huwahi kuzishika kemikali hizo kabla ya mate. Basi jina mkandaa limesema, kwa neno moja, rangi ya chai na kazi yake mdomoni. Istiari hii haikutoka katika diwani ya mshairi yeyote; imetoka vinywani mwa watu wa pwani, waliokata magome na kunywa chai. Vitabu vyetu vya kiada hufundisha istiari kwa mfano wa shujaa aliye simba, mwaka baada ya mwaka, ilhali simba hayuko Pemba na mkandaa umo ndani ya kikombe cha mwanafunzi.

Tukiwa na mkandaa mkononi twaweza kuzitenga ladha tatu ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya, yaani ukali, uchungu na ukakasi. Ukali ni wa tangawizi na pilipili manga: huchoma. Uchungu ni wa jani la mwarobaini: hukaa nyuma ya ulimi na humfanya mtu akunje uso. Ukakasi ni wa ndizi mbichi, wa bibo, wa zambarau: hauchomi wala hauchukizi, bali hukaza. Mwanafunzi aliyekula zambarau akatoa ulimi wake wa rangi ya dawati awaoneshe wenzake anaujua ukakasi kuliko kitabu chochote. Na uchachu, au ugwadu, ni jambo la nne kabisa, la ukwaju na ndimu. Mtu akisema "chai kali" huenda anakusudia mojawapo ya hayo, au huenda anakusudia tu kwamba jani lilikuwa jingi. Lugha iliyotenga kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, tunda moja kwa majina matano, haiwezi kudaiwa kwamba haijui kutenga.

Sisi tungeongeza utengano mmoja, kwa kuwa tumeuona una faida. Uko ukakasi wa kupita na uko ukakasi wa kung'ang'ania. Wa kupita hukaza ulimi, kisha huachia, na kinywa hubaki kimesafika, kikitaka funda jingine. Wa kung'ang'ania hubaki kwenye fizi kama gome. Chai njema haikosi ukakasi. Huwa nao wa namna ya kwanza. Waonjaji wa Kiingereza wana neno lao kwa sifa hiyo, na baadhi ya wafasiri wamelifanya "uchangamfu". Tafsiri hiyo hatuikatai, maana Mswahili husema moto umechangamka na baraza imechangamka. Tunaloikataa ni ile ya "chai yenye mwili". Kwa Kiswahili mwili ni wa mtu na mnyama. Uji ni mzito au mwepesi, na mchuzi vivyo hivyo, na hakuna sababu ya chai kupewa kiwiliwili wakati uzito unamtosha.

Kosa la tafsiri lenye madhara zaidi liko kiwandani. Jani likichumwa hunyaushwa; kisha husagwa au husokotwa ili utomvu wake ukutane na hewa; huachwa kwa muda, likageuka kutoka kijani kuwa shaba na kahawia; mwisho hukaushwa kwa moto. Hatua ile ya kugeuka huitwa "kuchachua", kwa kufuata neno la Kiingereza ambalo nalo halikuwa sahihi tangu mwanzo. Hakuna chachu hapo wala hamira. Ni hewa tu inayofanya kazi yake, kama inavyofanya juu ya biringani lililokatwa na kuachwa mezani. Chai iliyochacha, kwa Mswahili, ni ile ya jana iliyosahauliwa ndani ya birika na maziwa yake, nayo humwagwa. Mwanafunzi anayesoma kwamba chai nyeusi ni jani "lililochachuliwa" hupewa picha ya kitu kilichoharibika, wakati jani limekamilika. Kwa nini isiwe kuiva? Jani limeiva kwa hewa. Baraza letu la Kiswahili na wenzao wa bara wana kamati za istilahi. Neno hili tunaliweka mbele yao.

Sasa tuje kwenye vikombe. Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha mwaka 1980 utaratibu wa kuandaa chai ya kuonjwa: gramu 2 za jani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, chombo cheupe chenye kifuniko. Utaratibu huo haukutungwa ili kupata chai tamu, bali ili chai mbili zilinganishwe kwa haki, na twawapendekezea walimu, kwani skuli isiyo na mizani yaweza kutumia kijiko kidogo kisichofurika. Anayeonja hutazama mambo matatu: jani kavu, jani lililoloa, na maji yake. Kisha huyavuta maji kwa nguvu na kwa sauti, ili yatawanyike juu ya ulimi na kaakaa na harufu ipande puani kwa njia ya koo. Wazee wetu wanaomimina chai katika kisahani wakaivuta kwa mlio, na vijana wakawaona hawana adabu, wanaonja kwa njia ile ile ya mafundi wa Mombasa.

Sukari tuliiweka kando siku hiyo, na viungo pia. Isidhaniwe kwamba tunavipiga vita viungo. Chai ya iliki, mdalasini na tangawizi ni utungo wetu, na katika kisiwa chenye harufu hizi ingekuwa ajabu kama watu wangekunywa vinginevyo. Lakini viungo juu ya jani ni kama takhmisa juu ya shairi: mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenzake akaitangulizia mitatu yake, na ubeti ukawa wa mitano. Kisiwa cha Kamange na Sarahani hakihitaji kuelezwa kwamba takhmisa haihukumiwi na mtu asiyeijua mishororo ile miwili ya kwanza.

Tulionja majani matano, tukiwa pamoja na walimu wawili wa lugha, mama mmoja wa Wete na kijana mmoja wa Mkoani.

La kwanza lilikuwa fungu la dukani. Rangi ilitoka kabla ya dakika moja kwisha, na ilipotimia ya sita maji yalikuwa mekundu meusi yasiyopitisha nuru. Harufu ilikuwa ya karatasi, na nyuma yake karafuu kidogo, ya jirani. Uchungu ulitangulia, ukakasi ukafuata na haukuondoka. Jani hili laomba maziwa na sukari, na vikija lastahimili.

La pili lilikuwa chembe za Mufindi, ambako michai iko juu ya mita 1,500 na baridi hulichelewesha jani kukua. Chembe hizi hutoka katika mitambo yenye roli za meno, iliyobuniwa Assam nchini India katika miaka ya 1930, inayoliponda jani, kulichana na kuliviringisha mara moja. Chai nyingi ya Afrika ya Mashariki hutengenezwa hivyo. Maji yake yalikuwa rangi ya shaba iliyosuguliwa, na ukingoni mwa kikombe ilionekana pete ya dhahabu. Hapa tuliupata ukakasi wa kupita kama tulivyoueleza, wa zambarau lililoiva barabara. Mama wa Wete alisema harufu yake ni ya mkate wa mofa unapobanduliwa, na hatukupata neno bora kuliko hilo.

La tatu ni la Usambara, lililotujia kwa njia ya Tanga. Lilikuwa hudhurungi, laini, lenye ukakasi mdogo na harufu iliyofanana na jani kavu la muwa. Kijana wa Mkoani alilihukumu kuwa chapwa. Hatukuafikiana naye. Chapwa ni kitu kilichokosa kile kinachopaswa kuwamo, kama wali usiotiwa chumvi. Jani hili lilikuwa jepesi: lilikuwa na kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kamili. Katika uhakiki wa mashairi nako maneno haya mawili hubadilishwa kiholela, na mtunzi wa shairi jepesi huondoka na aibu isiyo yake.

La nne lilifika kwa njia ya undugu. Wapemba wengi wana jamaa Oman, na mmoja alituletea jani la Sri Lanka, lililosokotwa zima. Ndugu zetu wa Maskati, wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao, huitenga sulaimani, isiyo na maziwa, na karak, iliyochemshwa kwa maziwa mazito na iliki; lakini utengano huo nao ni wa mapishi, si wa jani. Kavu, lilionekana kama nyuzi nyeusi. Lilipoloa lilifunguka, na kwa mara ya kwanza walimu wale wakaliona jani la chai kuwa ni jani, lenye ncha na meno pembeni. Maji yalikuwa rangi ya asali. Harufu tuliitafuta katika maua, tukapita kwenye asumini, kilua na mlangilangi, na yote yalikuwa mazito mno. Tuliikuta kwenye ganda la chungwa lililokauka juani. Jani la namna hii halichemshwi. Ukilitia motoni kwa dakika kumi, kama tufanyavyo na chembe, harufu yote hupotea na mvuke na hubaki mkandaa.

La tano lilikuwa chai ya kijani ya Uchina. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakiihudumia Zanzibar tangu 1964, na huku kwetu wanafanya kazi katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Waliowahi kukaa nao wamewaona na bilauri zao zenye majani yanayoelea, hayakuchujwa, yakiongezwa maji ya moto mara kwa mara. Jani hilo ni la mchai ule ule. Tofauti ni kwamba hupashwa moto mapema, likazuiwa kuiva kwa hewa. Maji yake tuliyaacha yapoe kidogo kwanza, kwani yanayotokota hulitia uchungu.

Hapa ubishi ulikuwa mkubwa. Mama wa Wete alisema harufu yake ni ya kisamvu kinapotiwa maji ya moto kwa mara ya kwanza. Kijana wa Mkoani alikataa kabisa. Alisema kisamvu hutangulia kwa uchungu, na hiki kina utamu unaokuja baada ya kumeza. Yeye akataja kunde changa zilizopukuchuliwa sasa hivi. Sisi tulitaja mwani, ule ulioanikwa siku ya kwanza ambao haujapoteza bahari. Mama akacheka, akasema atawauliza wanawake wanaoulima. Tuliyaandika yote matatu, kisha tukaongeza maji juu ya majani yale yale na kuonja tena. Katika kikombe cha pili kunde zilipungua, na mwani ulizidi.